Povu Lililogoma

Kila asubuhi msusi alitoa kiti chake barazani. Alikifuta. Alipanga vitana, mafuta na taulo. Kisha aliketi kando yake, akatazama njia.

Zamani hakutazama njia. Wateja walikuwa wakimsubiri yeye, huku wakipiga soga na kutaniana. Walimwita Mkono wa Hariri, maana alisuka hata vichwa vya watoto bila chozi kudondoka.

Kisha bomba la mtaa likakauka. Mwenye nyumba akachimba kisima kirefu uani. Maji yake yalikuwa maangavu, baridi, hayana harufu. Wapangaji wote walimshukuru Mungu, na msusi alishukuru kuliko wote. Kazi yake bila maji ni bure.

Lakini maji hayo yalikuwa na kituko. Sabuni haikutoa povu.

"Povu limegoma leo," msusi alikuwa akisema, na kuongeza sabuni. Aliyemfundisha kazi alimwambia: bila povu hakuna usafi. Basi alisugua kipande cha sabuni juu ya kichwa cha mteja mara ya pili, na mara ya tatu. Povu likija kidogo, alisuuza na kuanza kusuka.

Haikuchukua muda, wateja wakaanza kujikuna. Nywele zao zikawa kavu kama katani. Zilikatikia kwenye kitana. Vichwani kukatoka unga mweupe.

Jirani mmoja aliitwa Mama Redio, kwa sababu habari haikulala kwake. Alisimama kisimani na kutangaza: "Jamani, hariri imegeuka msasa! Yule mkono wake umeingia nuksi. Mpelekee kichwa, akurudishie upara!"

Watu walicheka. Lakini walikiacha kiti.

Siku moja binti wa msusi alirudi kutoka shuleni akilia. Wenzake walikuwa wamemkimbia kwa sababu alijikuna darasani. Mama mkwe, aliyeishi nao, aliingia chumbani. Alitoka na wembe mpya.

"Leta mtoto," alisema. "Tumnyoe, yaishe. Na hicho kiti ukiingize ndani. Unatutia aibu."

Msusi alimvuta binti yake nyuma ya gauni lake.

"Hapana, mama."

"Unanijibu mimi?"

"Nakuheshimu, mama. Lakini wembe huo hautapita hapa. Nikimnyoa leo, nimekiri kwamba mikono yangu ndiyo mbaya. Sikiri."

"Kama si mikono yako ni nini? Kila uliyemgusa anajikuna!"

Msusi alimtazama mama mkwe. Mkono wa mama mkwe ulikuwa umeingia chini ya kitambaa cha kichwa. Kucha zilikuwa kazini: kwaru, kwaru.

"Mama," msusi aliuliza polepole, "mimi nimewahi kukusuka?"

"Wewe? Thubutu! Kichwa changu nakiosha mwenyewe."

"Basi hapo unakuna nini?"

Mkono wa mama mkwe ulisimama. Binti akacheka kwa pua, machozi yakiwa bado shavuni.

"Joto," alisema mama mkwe. Lakini aliuweka wembe mezani.

Kesho yake msusi alikwenda zahanati na binti yake. Huko alimkuta Bibi Afya, mwanamke aliyezoea kupita nyumba kwa nyumba akifundisha usafi. Msusi alimsimulia yote, hata matangazo ya Mama Redio kisimani. Bibi Afya alimpeleka mtoto kwenye mwanga. Alitenganisha nywele, akatazama ngozi ya kichwa.

"Sioni mabaka ya mviringo. Sioni usaha wala chawa. Angekuwa na mapunye tungempa dawa, maana hayo huambukiza na hayaponi kwa maji. Hebu niambie, unamwosha kwa sabuni gani?"

"Sabuni ya kipande. Tena nyingi, maana povu linagoma."

Bibi Afya alitabasamu. "Birika lako likoje ndani?"

Msusi alishangaa. "Lina ukoko mweupe. Nausugua, unarudi."

"Nakuja kwako. Mwite na huyo mtangazaji wenu."

Mchana ule Bibi Afya alifika. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na beseni lililokuwa chini ya paa limejaa. Alichukua chupa mbili safi. Moja akaitia maji ya mvua, nyingine maji ya kisima. Akakwangua sabuni kidogo, kiasi kilekile kila chupa.

"Mama Redio, tikisa."

"Mimi tena?"

"Si una nguvu za kutangaza? Tikisa!"

Mama Redio alitikisa mpaka mabega yakacheza. Chupa ya mvua ilijaa povu hadi shingoni. Ya kisima haikuwa na povu. Ilikuwa na ukungu mweupe na vipande vidogo vinavyoelea.

"Haya ni maji magumu," alisema Bibi Afya.

"Magumu?" Mama mkwe alidakia. "Maji yakiwa magumu si barafu hayo?"

Hata Bibi Afya alicheka. "Magumu maana yake yamebeba madini mengi ya chokaa kutoka ardhini. Chokaa hiyo haina madhara ukinywa maji hayo. Lakini sabuni ikikutana nayo haitoi povu, inaganda kuwa utando. Utando ule hushika kwenye nywele na ngozi. Ngozi inakauka, inawasha. Nywele zinakakamaa na kukatika. Ukiongeza sabuni, unaongeza utando."

Msusi alijishika kiuno. "Kwa hiyo nilikuwa nawapaka ukoko wa birika?"

"Kwa nia njema kabisa. Sasa acha sabuni ya kipande kichwani. Tumia shampuu, kidogo tu. Suuza sana, na maji ya mwisho yawe ya mvua. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, ndipo ukinge. Pipa lifunike, mbu wasizaliane. Mvua ikikosekana, chemsha maji ya kisima, yapoe, chokaa itulie chini, umimine ya juu. Ukipenda, tia kijiko kimoja cha siki katika lita moja ya maji, usuuzie, kisha umwagie maji safi. Siki isiingie machoni, wala isiguse kidonda. Na kuwashwa kusipoisha, njoo zahanati."

Msusi aliinua chupa zote mbili, akamgeukia Mama Redio.

"Ulinitangaza kisimani. Kesho simama palepale na chupa hizi. Tangaza hivyohivyo, sauti isipungue."

Mama Redio alizichukua. "Sauti yangu mimi ipungue? Unanitukana!"

Alitangaza kweli. Msusi naye alinunua pipa lenye mfuniko, akalifungia mfereji wa bati wa kuleta maji kutoka paani. Taratibu kichwa cha binti yake kilitulia. Nywele zililainika, zikaacha kukatika. Wateja walirudi mmoja mmoja, kisha wakaanza tena kugombea zamu.

Asubuhi moja msusi alikuta kiti chake kimeshakaliwa. Mama mkwe alikuwa amevua kitambaa. Mkononi alishika ule wembe.

"Huu utumie kukatia nyuzi za kusukia," alisema bila kumtazama. "Na mimi unisuke. Ila usinivute!"

"Mama," alisema msusi, akichota maji ya mvua kwa kata, "umekalia kiti ulichotaka nikiingize ndani."

"Nyamaza, uoshe."

Msusi alitia shampuu tone dogo. Povu likapanda, jeupe, likafunika vidole vyake vyote.