Pini ya Ua wa Cucu

Kila asubuhi, kabla jua halijauchungulia mlima, Watiri alibeba mtungi wa maziwa hadi kituo cha maziwa kilichokuwa kando ya barabara ya Karatina. Njia yake ilifuata ua wa kaiyaba ambao nyanya yake, Cucu Njoki, aliupanda zamani. Ua huo ulikuwa mnene, wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Hapo awali Watiri alikuwa akipita polepole, akichungulia matawi. Siku hizi alipita akitazama vidole vya miguu yake.

Cucu alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita. Watu walilia sana. Watiri alipanga viti, akagawa chai, akaosha vikombe. Hakulia. Ndani yake palikuwa kimya kama redio iliyoishiwa na betri. Hata uji haukuwa na ladha. Aliunywa kwa sababu mama yake alikuwa akimtazama.

Shuleni, Mwalimu Ngatia wa Sayansi alikuwa amewapa wanafunzi wa Gredi ya Sita kazi ya siku kumi. Kila mmoja aukague ua wa kwao asubuhi, kabla vinyonga hawajaota jua na kuanza kutembea. Aandike amewaona wangapi na wana pembe ngapi. Kwenye ramani kubwa ukutani, kila ua ulikuwa na pini. Pini nyekundu zilionyesha vinyonga wa pembe tatu, walioonekana mashamba ya chini. Za bluu zilionyesha wale wa kipembe kimoja kifupi, walioonekana juu, karibu na msitu. Ijumaa ramani ingepelekwa Nyeri kwenye maonyesho ya sayansi.

"Watiri, ninyi mnaishi katikati, kwenye ukingo kati ya mashamba ya chini na msitu," Mwalimu alimwambia siku ya kwanza. "Hakuna mwenzako mwingine anayetoka ukingo ule. Daftari lako ndilo litakalotuonyesha hawa wanaishia wapi na wale wanaanzia wapi. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu."

Lakini hakuukagua ua hata mara moja. Alijaza daftari akiwa kwenye foleni ya maziwa, mtungi ukiwa katikati ya miguu yake. Jumanne: wawili, pembe tatu. Jumatano: mmoja, pembe tatu. Mkono uliandika wenyewe, naye akautazama tu ukiandika.

Siku ya tisa, Hodan, aliyeketi dawati moja na Watiri, aliinua mkono. "Mwalimu, kwa nini vinyonga wasifanane wote?"

"Swali zuri," alisema Mwalimu Ngatia. "Zamani sana kulikuwa na nyakati ambapo misitu iliteremka mabondeni, ikaunganisha mlima na mlima. Vinyonga wakasambaa, tawi kwa tawi. Kisha nchi ikakauka, misitu ikarudi juu. Sasa mwambie kinyonga wa mlimani avuke nyika ya Doldol kwa miguu!"

"Atafika akiwa nyama choma!" Griffins alisema kutoka nyuma, na darasa likacheka.

"Basi, kila kundi likabaki kwenye mlima wake, kama watu walioachwa kisiwani. Vizazi vikapita, maelfu kwa maelfu. Pembe ikabadilika hapa, rangi ikabadilika pale, mpaka wakawa aina mbalimbali. Wengine nao husafirishwa na watu. Hawa wetu wa pembe tatu walipelekwa mpaka visiwa vya Hawaii, wakaachiliwa, na leo wamejaa huko."

Kisha akachukua pini nyekundu na kuichoma kwenye ukingo wa kina Watiri. "Na kumbe wa pembe tatu wamepanda hadi hapa! Sikutarajia. Mpigieni Watiri makofi."

Walipiga. Watiri aliyasikia kama makofi ya darasa la jirani.

Wakati wa mapumziko Hodan alilifungua daftari la mwenzake. "Wewe, umeona kumi na watatu, na wote wako na pembe tatu? Si Mwalimu alisema majike hawana pembe kama za madume? Na watoto wako wapi?"

"Ua wa kwao ni bweni la wavulana!" alidakia Griffins, akakimbilia mpira.

Hodan alicheka, kisha akamwona Watiri usoni, akaacha.

"Sikuangalia," Watiri alisema.

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Hodan hakumuuliza kwa nini. "Kesho nitakuja kwenu mapema. Usiende na maziwa kabla sijafika."

"Huogopi vinyonga?"

"Naogopa sana. Lakini nitakuja."

Alhamisi asubuhi kulikuwa na ukungu. Wasichana hao wawili waliufuata ua hatua kwa hatua, wakitenganisha matawi kwa kijiti. Watiri alikumbuka hadithi ya Cucu: kwamba Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu hawatakufa, naye akafika akigugumiza maneno, mpaka ndege akamtangulia na habari ya kifo. "Ndiyo maana watu humpiga mawe," Cucu alikuwa akisema. "Mimi simpigi. Habari njema ilikuwa kwake."

"Yule pale!" Hodan alinong'ona, akarudi nyuma hatua tatu.

Alikuwa mdogo, amepauka kwa baridi, na kwenye pua yake palikuwa na kipembe kimoja kifupi. Watiri alinyoosha kidole. Kinyonga alifikiri kwa muda mrefu, akainua mguu mmoja, akasita, kisha akakishika kidole. Alikishika kwa nguvu, kama mtoto mchanga anavyokishika kidole cha mama. Watiri aliihisi baridi yake. Lilikuwa jambo la kwanza alilolihisi tangu mazishi.

"Umechelewa," alimwambia.

Kinyonga aligeuza jicho moja kumtazama. La pili lilibaki likimwangalia Hodan. Watiri hakulia. Akamrudisha kwenye tawi.

Shuleni alimkuta Mwalimu Ngatia peke yake darasani, akiikunja ramani.

"Mwalimu, pini ya kwetu ni ya uongo." Akamweleza yote: foleni, daftari, kinyonga wa asubuhi hiyo.

Mwalimu aliikunjua ramani tena, taratibu. "Kesho ningewaambia watu wa Nyeri kwamba wa pembe tatu wamefika ukingoni. Wangeniamini, kwa sababu nilikuamini wewe. Kwa nini hukuangalia?"

"Ua ni wa Cucu."

Mwalimu aliketi kwenye dawati, macho yao yakawa usawa mmoja.

"Ungeniambia, mwanangu, ningekuelewa. Mtu akifiwa anaweza kushindwa kutazama. Hilo si kosa. Kosa ni kujaza mahali ambapo hukutazama. Mnyama ana jina, na ana mahali pake. Ukidanganya kuhusu mahali pake, umepoteza safari yote ya mababu zake. Ukweli mdogo, hata wa kinyonga mmoja, unashinda kumi na watatu wa kubuni. Sasa rekebisha. Na kesho utasimama kando ya ramani, uwaeleze wageni wewe mwenyewe."

Watiri alifuta siku tisa kwa kifutio. Katika kila mstari akaandika neno moja: Sikuangalia. Kwenye mstari wa kumi akaandika: mmoja, kipembe kimoja, kifupi.

Kisha akang'oa pini nyekundu, na kwenye tundu lilelile akachoma ya bluu.

Asubuhi iliyofuata alipita kando ya ua na mtungi wake, polepole.