Mke wa Kwenye Kadi

"Tukitoka kituo kikuu cha treni?" Anastazi aliuliza.

"Tunashuka mteremko," Josiane alijibu.

"Halafu?"

"Uwanja wa mawe, majumba yenye dhahabu. Chumba cha baba yako mdogo tutakamofikia kiko nyuma yake, katikati kabisa ya Brussels, juu ya duka."

"Kina vitanda vingapi?"

"Viwili?" Josiane alibahatisha.

"Kimoja," Anastazi alisema taratibu. "Kesho afisa wa wakimbizi atauliza. Mke lazima ajue."

Mke!  Miaka mitatu nyuma Josiane aliingia kambi ya wakimbizi ya Lukole, Tanzania, peke yake, mchumba wake Niyongabo akiwa bado Burundi. Kwa kuogopa kulala peke yake, alikubali Anastazi, jirani yake, amwandike kuwa mkewe kwenye kadi ya chakula. Niyongabo alipofika alicheka tu: kadi ni karatasi. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Sasa karatasi ile ndiyo iliyochaguliwa kwenda kuishi Ubelgiji, mume na mke.

"Nikisema ukweli je?"

Anastazi akatabasamu. "Utakuwa umedanganya miaka mitatu. Na malori ya kurudisha watu Burundi yanapakia kila Alhamisi. Chagua, mke wangu."

Asubuhi, afisa alifungua faili mbele yao.

"Shahidi wenu ameshaandika. Niyongabo. Anasema alisimamia harusi yenu."

Josiane alitoka mbio. Niyongabo alikuwa nje, amejiinamia ukutani.

"Umetia saini?"

"Nisamehe, Josi. Wanataka kuturudisha kule kule kaka zangu walikouawa. Heri uwe mke wa mtu Brussels kuliko nikuzike."

"Uliniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Kumbe ulijua!"

Alimzaba kofi, kisha akamkamata mkono akamburuta hadi mbele ya meza ya afisa. 

"Afisa, mchumba wangu ni huyu. Anastazi alinisitiri kwa kadi, Mungu amlipe. Kitanda chake sikijui."

"Mwongo!" Anastazi alifoka. "Utakufa wewe!"

Afisa aliinua kalamu. "Dada, nikiandika hivyo, Brussels basi. Na jina lako linaweza kuingia kwenye lori la Alhamisi."

"Andika."

Niyongabo alisogea mezani.

"Kama ni lori," alisema, "andika majina mawili."

Josiane hakumsamehe siku ile. Lakini mkono wake hakuuachia.