Vifungo vya Mgongoni

Akitoka shule, Nunzia Bevacqua hakwenda nyumbani. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya saba ya jengo moja la New York, kwenye mtaa wa mafundi nguo, ambako mama yake alishona. Huko cherehani zilinguruma, pasi zilifuka mvuke, na mafundi walipayuka kuzishinda mashine, hivyo kila mmoja alizijua siri za mwenzake hata kama hakutaka. Nunzia aliokota pini sakafuni kwa sumaku, akala mkate wake wa soseji na pilipili hoho, kisha akafanya hesabu za shule juu ya marobota ya vitambaa.

Mwenye karakana alikuwa Bi Corwin, mwanamke mrefu asiyejua kukaa kitako. Enzi hizo matajiri wa mjini walingoja Paris, mji wa mitindo, iseme ndipo wavae. Bi Corwin hakungoja mtu. Aliwashonea wanawake wanaofanya kazi, nguo zenye mifuko ya kweli, na sheria yake ilikuwa moja: gauni usiloweza kulivaa bila msaidizi si gauni, ni mzigo.

Msimu ule alijaribu kushona kwa mara ya kwanza gauni la mtoto, la rangi ya manjano, vifungo mgongoni kama magauni ya watoto yalivyokuwa. Nunzia ndiye aliyeombwa kulivaa kwa majaribio, akaahidiwa kwamba duka kubwa likitoa oda, gauni ni lake. Oda hiyo iliwanyima wote usingizi. Bila hiyo, cherehani zingelala majira yote ya baridi, na ya mama yake ikiwemo.

Nyuma ya pazia Nunzia alijipinda kama mbuzi anayejikuna. Kifungo kimoja tu kikaingia. Bi Filomena, fundi wa matundu ya vifungo, alipita akacheka.

"Wewe mtoto au pweza? Hebu geuka huku."

Akavifunga vyote, akaenda zake. Bi Corwin alipouliza kama amejivalisha mwenyewe, Nunzia aliziona nyuso za mafundi zilivyochangamka, akajiona na kwenye kioo alivyopendeza. Akasema ndiyo.

Ijumaa akaja mnunuzi wa duka, Bi Ostrander, mama wa mabinti wanne, mwenye uso wa mtu aliyechoka kudanganywa. Bi Corwin akamweleza kwa fahari kwamba mtoto huyu kajivalisha peke yake. Mgeni akaukagua mgongo wa Nunzia, kisha akainama.

"Wangu wananipigia foleni kila asubuhi niwafunge. Wewe umewezaje, mwanangu?"

Cherehani ya mama yake ikanyamaza. Nunzia akamtazama mgeni usoni.

"Sikuweza, bibi. Kimoja nilifunga mimi. Vingine alivifunga Bi Filomena, nami nikasema uongo."

Bi Corwin akamtazama, akalitazama gauni. Kisha akampeleka nyuma ya pazia, akamwambia alivae tena, mgongo uwe mbele. Nunzia akatoka ukosi umemkaba kama hatamu ya punda, lakini vidole vyake vilishuka kifungo baada ya kifungo hadi cha mwisho, bila mtu kumgusa. Mafundi wakapiga makofi. Bi Ostrander akacheka hadi akavua miwani, akasema ukosi ukirekebishwa atachukua magauni ya kutosha duka zima.

Bi Filomena alikuwa wa kwanza kulalamika kwamba sasa matundu yote hayo ni yake.

Jioni, wakifunika cherehani, Bi Corwin alimshika Nunzia bega. "Wa kunisifia ninao tele. Anayeniambia panapobana ndiye anayenifundisha kushona. Ila siku nyingine uniambie kabla ya wageni."

Mama yake akamvalisha koti. "Umesikia? Uongo ni kama vifungo vya mgongoni, mwanangu. Kuufunga lazima umtafute mwingine akusaidie. Ukweli unaufunga mwenyewe."

Wakashuka ngazi, Nunzia akiwa na gauni lake mkononi.