Barua Iliyoangukia kwa Mama Magodoro

Asubuhi ile mapokezi ya kliniki ya meno yalikuwa yamefurika watu walioshika mashavu. Kijana mmoja akapita katikati yao kama mwenye jengo: shati jeupe la kubana, miwani ya jua kichwani, begi la kompyuta begani, na kifuani neno "Mtaalamu" lililodariziwa kwa uzi wa dhahabu. Alilidarizisha mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo kwa hiari yake.

Msichana wa mapokezi, gauni la bluu, nywele amezibana nyuma, hakuinua hata macho. Akamsukumia kikaratasi.

"Namba kumi na saba. Kaa, utaitwa."

"Mimi si mgonjwa."

"Wote husema hivyo. Kaa."

Akakaa. Alikaa dakika arobaini akingoja atambuliwe, kwa sababu kujitambulisha aliona ni kujishusha, mpaka daktari mkuu alipotoka na kumkuta fundi aliyemwita aje kuweka barua pepe za kliniki amebanwa kati ya mabibi wawili wenye meno mabovu.

"Sasa kwa nini hukusema?" msichana akamuuliza.

"Nilitaka uone mwenyewe."

"Nimeona. Unajua kukaa, Kumi na Saba."

Msichana akacheka. Hapo ndipo kijana alipopenda. Tangu siku ile jina likamganda, na wa kumwita hivyo alikuwa msichana peke yake.

Kuhusu kazi yenyewe nitasema kwa kifupi, maana inatia aibu. Seva yake, kompyuta moja aliyoifungia ofisini kwake mtaa wa pili, ilipokea barua za kampuni tatu: kliniki, kiwanda cha magodoro, na kampuni yake mwenyewe, yenye mfanyakazi mmoja, yeye. Kila kampuni ina kikoa chake, yaani lile jina linalofuata baada ya alama ya @. Mtu mwenye akili timamu hufungua folda ya kila kikoa, kisha ndani yake folda ya kila mtumiaji. Mtaalamu wetu aliangalia jina la mbele tu. Kliniki wana anwani ya "ofisi", magodoro wana "ofisi", na yeye ana "ofisi". Akaona folda moja ya "ofisi" inatosha. Barua za wote zikawa zinaangukia kwenye kapu moja, na kompyuta ya aliyewahi kufungua ndiyo iliyozizoa. Yeye hakuwahi kushangaa kwamba hapati barua, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwandikia.

Dalili zilikuwepo.

"Mpenzi," msichana alimpigia siku moja, "nimepata barua ya mzee analalamika godoro lake limebonyea katikati."

"Umebonyeza vibaya."

"Nimebonyeza wapi? Nimefungua tu."

"Malkia wangu, watumiaji wote ndivyo wanavyosema. Seva yangu haikosei."

Alimwambia mara nne. Mara nne akajibiwa kwamba kabonyeza vibaya, kwa ile sauti ya upole ambayo mjinga huitumia anapomfundisha mwenzake asichokijua. Alimpendea nini mtu huyu? Nami nimejiuliza sana. Alimchekesha. Alimsindikiza kila jioni kwa miaka miwili, na mvua ikinyesha alimpa koti lote, yeye akalowa. Pengine inatosha.

Jumatatu moja daktari mkuu akamwita msichana. Kliniki inafungua tawi katika mji mwingine, anamtaka akalisimamie; jibu Ijumaa, saa sita mchana. Jioni, kabla hajafunga, akaandika. Si kwamba alipenda kuandika, ila yule bwana alikuwa amemkariri­sha: "Simu ni ya umbea. Jambo la maana niandikie ofisini. Kwangu barua haipotei."

Akaandika: "Kumi na Saba, nimepewa kazi mji mwingine. Miaka miwili tunasindikizana tu. Kama unataka kunioa, niandikie kabla ya Ijumaa saa sita, tupange pamoja. Kama hutaki, usinieleze chochote, nitaelewa na nitaondoka. Nakuomba usinipigie simu kuhusu hili."

Jumatano simu ikalia.

"Umeamkaje, malkia?"

"Salama. Huna la kuniambia?"

"Ninalo. Nimepata miwani mpya."

"Hilo tu?"

"Subiri uione kwanza."

Msichana akakata simu, akaingia chooni, akalia mpaka mgonjwa aliyefuata alipogonga meza. Kijana naye akasema moyoni kwamba mwenzake kanuna, atapoa, na kwa kiburi hakwenda kumsindikiza jioni ile wala iliyofuata.

Ijumaa saa nne asubuhi akapigiwa simu na karani wa kiwanda cha magodoro, mama mtu mzima ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Magodoro.

"Mwanangu, kuna mwanamke ananiuliza kama nataka kumwoa."

"Umebonyeza vibaya, mama."

"Nina wajukuu saba, nani kakwambia sijui kubonyeza? Nimekaa na barua yake tangu Jumanne nikidhani ni matapeli. Lakini tapeli gani anaandika hivi? Sikiliza: 'Kumi na Saba, nimepewa kazi mji mwingine...'"

Alisoma mpaka mwisho. Kijana aliketi sakafuni, bila kuijali suruali yake nyeupe.

Alifika kliniki anahema, shati nje, miwani kaiacha. Wagonjwa wote wakageuka.

"Barua yako haikunifikia," akasema. "Imekwenda kwa Mama Magodoro."

"Si nilibonyeza vibaya?"

"Hukubonyeza vibaya. Ni mimi. Ulinieleza mara nne nikakufanya mjinga, na mjinga ni mimi. Nisamehe."

Bibi mmoja aliyevimba shavu akaitikia kwa kichwa. Msichana alikuwa na machozi, lakini hakuyaruhusu yashuke mbele ya watu.

"Siku tatu nimelala najua hunitaki," akasema taratibu. "Maneno ya hapa sitaki. Rudi ukatenganishe hizo barua. Kisha uniandikie. Ikinifikia kabla ya saa sita, nitaisoma. Ikimfikia Mama Magodoro, umwoe yeye."

Akarudi mbio. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alipanga kazi kwenye karatasi kabla hajagusa kompyuta. Akafungua folda tatu, moja kwa kila kikoa, na ndani ya kila moja folda yake ya "ofisi". Akaielekeza seva isome anwani nzima, mbele na nyuma ya @. Akajaribu, akakosea, akajaribu tena, wala hakumlaumu mtu. Saa sita kasoro dakika nane akatuma, kisha akampigia Mama Magodoro.

"Umepata kitu, mama?"

"Sijapata kitu, mwanangu. Nimefungua mara tatu."

Kule mapokezi msichana aliisoma akiwa amesimama. "Nataka kukuoa. Ningetaka hata kama usingeuliza, ila nilidhani muda upo. Uliyoniambia mara nne nimeyaelewa leo. Wako, Kumi na Saba."

Akaifunga. Akaingia kwa daktari mkuu, akatoka baada ya dakika tatu, akainua simu.

"Imefika," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimekubali. Na daktari nimemkubalia pia, tunahama mwisho wa mwezi. Hiyo seva yako inabebeka?"

"Inabebeka."

"Basi tafuta boksi. Na shati hilo la uzi wa dhahabu uliache huko huko."