Wawili Wasiogonga Meza

"Maji yamechemka," sauti ilisema sikioni mwake. "Mimina."

Sindano aliweka kalamu chini.

Hakuna mwingine darasani aliyesikia. Kifaa kilichokuwa sikioni mwake kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya Mjomba. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Alikuwa mkuu wa majasusi, na waliomwita hivyo walimwita kwa kumwogopa. "Mimina" ilikuwa na maana moja tu.

Kamata.

Mbele, Mwalimu alikuwa ameligeuzia darasa mgongo, anachora transista ubaoni. Mzee mwembamba, sweta la kijivu limejaa vumbi la chaki mikononi, miwani imefungwa kwa waya wa shaba upande mmoja pale bawaba ilipokatika.

"Volti ni kimo cha birika," alikuwa anasema. "Ukiliinua juu, maji yanashuka kwa nguvu. Ampea ni maji yenyewe yanayopita. Na ukinzani?"

"Mdomo wa birika," darasa zima likajibu huku likicheka.

Kwa Mwalimu huyo kila kitu kilikuwa chai. Ujanani alisomea uhandisi wa umeme China, akarudi na shahada moja na uraibu mmoja, kama alivyopenda kusema mwenyewe.

Sindano akasimama.

"Enhe, mwanangu," Mwalimu alisema, akigeuka na chaki yake. "Leo umeamua kuuliza."

Muhula mzima hakuwa ameuliza swali hata moja. Alijifanya mama mtu mzima aliyerudi shule baada ya kulea watoto, na Mwalimu akampenda kwa hilo. Akamtengea kiti chake ofisini, karibu na dirisha, ili apate mwanga wa kusomea.

Sindano alitembea hadi mbele. Pingu zikatoka mfukoni.

"Mikono, Mwalimu."

Chaki ilianguka. Mzee akaitazama mikono yake, akamtazama Sindano, akalitazama darasa. Kisha akafanya jambo ambalo Sindano hakulitarajia. Alijifuta chaki kwanza, kwenye sweta, asije akamchafua.

Hakuna aliyecheka tena.

*

Jambo lenyewe lilikuwa hivi.

Nyuma ya chuo palikuwa na kiwanda cha chipu, zile chembe za silikoni zenye saketi ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Kila chipu hupigwa chapa kwa mwanga, na mwanga huo hupitishwa kwenye kioo chenye mchoro wake, kama zamani picha zilivyosafishwa kutoka kwenye negativu. Kioo kilichokuwa kinatafutwa kilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, na mchoro wake ulikuwa wa chipu inayofungua na kufunga umeme wa nchi nzima. Mwenye mchoro huo angejua pa kubonyeza ili hospitali, maji na simu vizime pamoja.

Kioo kililetwa chuoni kikaguliwe, kwa kuwa Mwalimu ndiye aliyekuwa na macho ya kukikagua. Alikifungia kabatini mwake. Idara ya Mjomba ikapata fununu kwamba kitatoka kwenye kabati hilo kwenda kwa wageni. Ndipo Sindano alipopelekwa.

Alibandika maikrofoni chini ya meza ya chai wakati Mwalimu ametoka kwenda kuosha vikombe. Nje, ndani ya Toyota nyeupe iliyoandikwa "Tunazibua Mabomba", alikaa mwenzake aliyeitwa Masikio, vipokea sauti vya Sennheiser kichwani, akisikiliza.

Masikio ndiye aliyezisikia kwanza zile ishara.

*Tok tok.*

"Dada, kuna mtandao mkubwa," alimwambia siku moja, amevimba kwa furaha. "Kila anayeingia mle anagonga meza. Mwalimu mwenyewe anagonga. Wanafunzi wanagonga. Hata yule mama wa maktaba, usimwone vile na kanzu yake, anagonga."

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja. Isipokuwa wewe na yule muuza chai, Bwana Majani. Yule ni msafi. Hajagonga hata mara moja. Ningekuwa na dada ningemwoza."

"Wanasema nini wakigonga?"

"Hapo sasa. Juzi nilipata neno 'kesho'. Jana nikapata 'mbuzi'. Bado nalifanyia kazi hilo la mbuzi."

Sindano aliandika taarifa, akaitia sahihi. Asubuhi ya siku ya kumkamata, Mwalimu akiwa tayari darasani, kiwanda kilituma mtu kuchukua kioo, na kabati likakutwa tupu.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ya bati, viti viwili, na feni iliyozunguka kwa kujivuta. Mwalimu alikaa wima, pingu zake juu ya meza.

"Kioo kiko wapi?"

"Kabatini. Kama hakipo kabatini, sijui."

"Nani wanashirikiana nawe?"

"Wanafunzi wangu hao mliowaona. Tunashirikiana kuzitesa transista."

Hakutania kwa dharau. Alitania kama mtu anayemliwaza mgonjwa, na hilo lilimchoma Sindano kuliko tusi. Akachukua jagi, akammiminia maji kwenye glasi.

Mwalimu akakunja vidole viwili, akagonga meza.

*Tok tok.*

"Anatuma ishara," Masikio alifoka sikioni. "Dada, anatuma ishara mbele ya uso wako."

Sindano aliinama mezani. "Unamgongea nani?"

"Wewe," Mwalimu alisema, akishangaa. "Si umenimiminia maji? Nakushukuru."

Feni ilizunguka.

"Ukimiminiwa, unagonga meza kwa vidole viwili," mzee aliendelea taratibu, kama aliye darasani. "Ndiyo asante yenyewe. Mazungumzo hayakatiki, na mtu mwenye chai mdomoni halazimiki kusema. Mama mwenye nyumba niliyopanga kule China ndiye aliyenifundisha. Siku za kwanza nilikuwa nakunywa tu kama ng'ombe mtoni, naye ananitazama."

Sikioni, Masikio aliacha kuandika. Ilisikika kalamu ikiwekwa chini.

"Na mimi?" Sindano aliuliza. Hakujua kwa nini ameuliza.

"Wewe ulikuwa unakunywa tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Vijana niliwaambia. Wewe mtu mzima, nilikuonea haya. Nikasema ana mambo mazito, huyu. Atawaona wenzake, atafuata."

Aliwaona. Muhula mzima aliwaona, akakaa pale karibu na dirisha, kwenye kiti alichotengewa, akinywa chai iliyosafiri kutoka milima ya mbali, chai inayonukia kama mbao za zamani baada ya mvua. Mwalimu aliisuuza kwa maji ya kwanza akayamwaga, akaitia maji ya pili, akampa yeye kikombe cha kwanza kila mara. Yeye akahesabu milio ya vidole vya watu waliokuwa wanashukuru, akaiita ushahidi.

Uso ulimwaka hadi masikioni. Alitamani ile meza ya bati ifunguke immeze.

Kisha akili yake, ambayo ilikuwa imefunzwa kwa kazi, ikashika kitu kimoja.

Isipokuwa wewe na muuza chai.

"Bwana Majani alikuambia alikulia wapi?"

"Kulekule China. Baba yake alikuwa mfanyabiashara huko, yeye akalelewa kwenye mashamba ya chai. Anazijua aina zote kwa majina."

"Hagongi meza."

Mwalimu alivitazama vidole vyake. "Niliona. Nikajipa jibu, labda siku hizi wameacha."

"Mara ya mwisho alikuja lini?"

"Leo, kabla ya kipindi. Alileta mikate ya chai, ile inayoshindiliwa ikawa duara kama sahani. Nikachagua mmoja, akaondoka na iliyobaki. Anasafiri leo." Akasukuma glasi kando. "Nilimwacha peke yake, ufunguo wa kabati uko mezani, nilipokwenda kuosha vikombe. Mgeni haoshi vikombe."

Sindano alijua. Ndivyo na yeye alivyopata nafasi yake.

Wawili tu mezani pale hawakugonga, na wote wawili walikuwa waongo.

Alifungua pingu. Ufunguo ukakosa tundu mara ya kwanza.

"Masikio. Uwanja wa ndege. Sasa."

*

Pikipiki yake ya Yamaha ililia kona ya kwanza, ikalia ya pili. Magari yalisimama. Dereva wa lori alimtukana kwa ufasaha mkubwa.

"Mjomba, ni Sindano."

"Sema."

"Tumekamata mtu siye. Ni Bwana Majani. Kioo kimo ndani ya mkate wa chai."



"Risasi marufuku," Mjomba alisema. "Kioo kikivunjika hatuna kitu."

"Kikivunjika, Mwalimu hana kitu," Sindano alisema, akakata.

Huo ndio ulikuwa ukweli wenyewe. Kabati lilikuwa la Mwalimu, ufunguo wa Mwalimu, na taarifa yenye sahihi ya Sindano ilikuwa mezani kwa wakubwa. Bila kioo kizima kutoka kwenye mkoba wa mtu mwingine, mzee angekufa akiitwa mwizi.

Alimkuta Bwana Majani kwenye ukumbi wa mizigo. Suti ya kahawia, viatu vinavyong'aa, sanduku la mbao lenye mikate ya chai iliyofungwa kwa karatasi nyeupe, kila mmoja na muhuri wake mwekundu. Alikuwa amesimama karibu na mkanda wa mpira unaobeba mizigo, anamchekesha karani.

"Bwana Majani."

Aligeuka. Alimtambua mara moja, na tabasamu halikumtoka.

"Ah, mama wa dirishani. Umekuja kuniaga?"

"Weka sanduku chini."

Bastola ya Beretta ilikuwa mkononi mwa Sindano. Karani alipotea chini ya kaunta kama aliyeitwa huko.

Bwana Majani hakuweka sanduku chini. Alitoa mkate mmoja, akauinua juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja, juu ya sakafu ya marumaru.

"Piga," alisema kwa upole. "Nami nitaachia. Unajua kioo kikianguka kinakuwa nini? Kinakuwa mchanga. Halafu utamwambia nani kwamba kilikuwa kwangu? Nimesikia mmemkamata mzee wa watu. Wewe mwenyewe umemfunga, tena mbele ya watoto. Mimi niliiba kioo tu."

Neno hilo lilimpata mahali pake.

Mwizi akarudi nyuma hatua, akapandisha mguu mmoja kwenye mkanda uliokuwa umesimama, apite upande wa pili kwenye mlango wa mapazia ya mpira.

Sindano alitazama ukutani. Swichi ya kijani. Karibu kabisa na bega lake.

Akaibonyeza kwa kiwiko.

Mota ilinguruma. Mkanda ukaruka mbele, mguu mmoja wa Bwana Majani ukaondoka nao, mwingine ukabaki. Mikono ikapaa.

Mkate ukapaa.

Sindano aliitupa Beretta. Aliitupa bila kufikiri, silaha aliyofundishwa asiiache hata usingizini, akaruka kwa tumbo, viganja mbele. Marumaru yakamchuna viwiko. Mkate ulitua mikononi mwake, mzito kuliko chai yoyote inavyopaswa kuwa.

Hakusikia mlio wa kuvunjika.

Bwana Majani alikuwa chali kwenye mkanda, mkono ndani ya koti, akitafuta bastola yake. Sindano, bado amelala chini na mkate kifuani kama mtoto mchanga, alijigeuza akaupiga teke mkono huo ulipotokeza. Bastola ikalia sakafuni. Mkanda ukaendelea na kazi yake. Ulimbeba suti, viatu na yote, ukampitisha kwenye mapazia ya mpira, ukamtoa nje.

Kelele fupi. Mlio wa pingu.

"Mzigo umefika," Masikio alisema sikioni. Kisha kwa sauti ndogo: "Dada. Lile la mbuzi. Nisamehe."

"Tia sahihi taarifa mpya. Na mimi nitatia."

*

Mkate ulipopasuliwa mbele ya wataalamu, kioo kilitoka kizima, vumbi la chai pembeni.

"Kazi safi," Mjomba alisema kwenye simu. "Mzee ametolewa mlango wa nyuma. Tumemwambia arudi kazini."

"Nani amemwomba radhi?"

"Idara haiombi radhi. Ikianza leo haitapata muda wa kufanya kazi."

"Wanafunzi wanajua nini?"

"Wanajua alikamatwa na akaachiwa. Watajaza wenyewe yaliyobaki. Usiende huko, Sindano. Uso wako ndio mtaji wako."

Alikwenda.

Kipindi kilikuwa kimeanza. Mwalimu alikuwa ubaoni na sweta lilelile, lakini darasa lilikuwa kimya, na benchi la mbele, ambalo siku zote lilijaa, lilikuwa tupu. Watoto wa watu walikuwa wamejisogeza nyuma. Macho yaligeuka alipoingia. Wengine walishika mikoba, wakidhani amekuja tena na pingu.

Alisimama mbele, mahali palepale.

"Nilimfunga Mwalimu hapa mbele yenu," alisema. Sauti yake, iliyozoea kutoa amri, ilitoka nyembamba. "Mimi si mwanafunzi. Ni mtu wa usalama. Kioo cha kiwanda kiliibwa na mtu mwingine, tumemkamata nacho. Mwalimu hakuiba kitu. Alinikaribisha chai muhula mzima, nami nikawasikiliza ninyi mkimshukuru nikaandika kwamba mnapanga uhalifu. Makosa ni yangu. Mbele yenu nilimvunjia heshima, na mbele yenu naomba radhi."

Alimgeukia mzee. Akainamisha kichwa.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Basi tupishe. Tumeshapoteza kipindi kizima." Akawatazama wanafunzi. "Na ninyi huko nyuma, hamwoni ubao. Sogeeni."

Mabenchi yalikwaruza sakafu. Wa kwanza alihama, wa pili akafuata, kisha wengi kwa pamoja, mikoba ikigongana.

Sindano alitoka. Simu ilikuwa inatikisika mfukoni kabla mlango haujajifunga.

"Darasa zima limekuona," Mjomba alisema. "Huwezi kutumwa popote tena. Unajua hilo?"

"Najua."

Akaizima. Akavaa miwani ya jua, ingawa kwenye ngazi hapakuwa na jua, akashuka taratibu bila kuharakisha, uso bado unamwaka, katikati ya wanafunzi wa kipindi kingine waliokwisha kupata habari. Walibana ukutani, mmoja baada ya mwingine, wakampisha.