Ubao Mama wa Marehemu Kinue

Jumamosi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Mzee Wakisaka Tomekichi alivuta droo ya tatu katika ukumbi wa mtaa wa Yunosawa akakuta gazeti la kutandikia tu. Mbao sita za kuchapia rangi za picha zilikuwepo. Ubao mama, ule wenye mistari myeusi ambayo bila yake rangi zote ni madoa tu, haukuwepo.

Aliirudisha droo, akaivuta tena. Tupu vilevile.

Ubao ule alikuwa ameuchonga mkewe, Kinue, blanketi magotini, katika miezi yake ya mwisho: ziwa, matete na bata mmoja aliyegeuza shingo. Kona ya chini aliiacha wazi. Aprili akafa. Hakuna aliyeweza kuuchonga tena, na Tomekichi hakubakiwa na kazi nyingine ya mkono ule. Juu ya hayo, karatasi mia na ishirini zilikwisha kuloweshwa tangu jana, na zisipochapwa leo zingeota ukungu. Saa nane mchana mkuu wa mtaa, Bwana Iinuma, angekuja kufungua maonyesho.

"Ubao mama umeibwa," alisema.

Mwenyekiti wa chama cha wachapaji, Bwana Nakayama, alikuwa ameketi juu ya mto wake karibu na jiko, koti refu limetandazwa kuuzunguka mto. "Tusipige kelele," alisema. "Nitamwambia mkuu wa mtaa umepasuka kwa baridi. Watu wazima tunaelewana."

Tomekichi aliifunga droo. Wakubwa aliwajua. Kinue alipokuwa mgonjwa waliitisha fomu ya msaada wa matibabu, kisha fomu ya kuomba fomu, na jibu likaja siku ya arobaini baada ya mazishi. Yeye shule aliiacha mapema, lakini mtu aliyechochea moto wa bafu la umma miaka arobaini anajua nani anaoga na nani anajimwagia maji tu.

Ufunguo wa ukumbi hukaa chini ya chungu cha maua, na mtaa mzima unajua. Kwa hiyo Tomekichi aliachana na mlango, akaanza na meza. Chini yake aliokota vipande vya mti wa cheri, mti wa ubao ule, vibichi, vyembamba kama kucha. Kando yake palikuwa na kioo kidogo cha mkononi, na pembeni mwa kioo alama ya kidole gumba, nyeusi.

Saa tatu kasoro dakika tano alimwendea Mama Hatsushiba Orie, aliyekuwa akisaga rangi ya buluu.

"Mama Orie, kioo hiki cha nani?"

"Cha choo cha wanawake. Usinitazame hivyo, rangi ya mdomo nimeipaka nyumbani."

"Ulitaka kuuchonga ubao mama wewe."

"Nilitaka sana. Kinue akanishinda. Nilimchukia wiki mbili, halafu nikampelekea supu. Ningekuwa mwizi ningeiba mkono wake, mbao ziko tele dukani." Alinyanyua mikono, buluu mpaka viwikoni. "Nasaga tangu saa mbili kamili. Ukitaka mwizi, muulize Kuzumi. Nikiwa bado barabarani nimemwona akiingia saa mbili kasoro dakika kumi na kitu bapa ndani ya kitambaa, anatembea kama paka aliyetoka jikoni kwa watu."

Kuzumi, tarishi mstaafu, alipatikana nyuma ya pazia la stoo. Kitambaa kilikuwa mapajani, na kilichokuwa ndani kilikuwa na upana wa ubao mama kabisa.

"Fungua," alisema Tomekichi.

"Ndugu yangu, tuna miaka mingapi tunajuana?"

"Fungua."

Kilikuwa ubao wa kuchezea shogi, sataranji ya Kijapani, na kete zake ndani ya soksi.

"Mke wangu ameapa kuuchoma moto," alisema Kuzumi kinyonge. "Anajua nakuja huku kuchapa picha."

"Picha yako ya mwisho umechapa lini?"

"Miaka minne. Kila mwezi namwambia haijakauka."

"Na ulipoingia ulimkuta nani?"

"Mwenyekiti. Keshakaa pale pale. Nilimwinamia, hata kuinuka hakuinuka. Nikasema basi, leo nimemuudhi."

Tomekichi aligeuka akamtazama mwenyekiti. Kwa miaka kumi na moja mtu yule hakuwahi kukaa chini robo saa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mikono mgongoni akiwaelekeza wenzake.

"Mwenyekiti, chai iko tayari. Njoo mezani."

"Niletee hapa hapa, Mzee Tome. Magoti."

Alipopokea kikombe, kidole gumba chake kilikuwa cheusi mpaka ndani ya kucha.

"Wino?"

"Mnyororo wa baiskeli."

"Ubao alikuwa nao nani mara ya mwisho?"

"Mimi. Niliuchukua kuchonga jina la mkuu wa mtaa pale kwenye kona. Jana jioni nikaurudisha drooni. Nimemaliza, safi kabisa."

Tomekichi alikunywa chai yake akiwa amesimama. Juu ya jiko ilitundikwa picha ambayo mwenyekiti alipenda kuwaonyesha wageni: stesheni ya Yunosawa. Ukishuka kwenye treni ziwa huwa kushoto. Katika picha lilikuwa kulia. Aliyewahi kuuliza aliambiwa kwamba sanaa si ramani. Chini yake ilisimama saini, herufi mbili za Kijapani zilizoandikwa kwenda chini, *katikati* na *mlima*, zinazosomeka Nakayama. Zilikuwa sawasawa kulia na kushoto, kama watu wawili waliopanua mikono.

Tomekichi aliitazama picha ile muda mrefu, kisha akakiweka kikombe chini.

Saa nne na robo aliwagawia wote vipande vya mbao chakavu na kalamu za brashi.

"Kila mtu aniandikie jina Iinuma, kama mtu anayetaka kulichonga. Basi."

"Mchezo wa watoto," alisema mwenyekiti.

"Cheza, basi."

Mama Orie alimaliza kwanza. Herufi zake zilitazama kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, ili karatasi ikilazwa juu izitoe sawa. Kuzumi, pamoja na miaka yake minne ya uvivu, naye aliandika kinyume, ingawa mstari mmoja ulianguka. Tomekichi alikichukua kipande cha mwenyekiti, akakiinua wote wakione. Jina lilikuwa zuri, la mtu aliyesoma. Nalo lilisomeka moja kwa moja, kama bango la duka.

"Mungu wangu," alisema Mama Orie taratibu. "Hajui kugeuza."

"Hajawahi kuhitaji," alisema Tomekichi. "Jina lake halina kulia wala kushoto, uligeuze usiligeuze ni lile lile. Michoro yake yote inatoka kinyume, sisi tunasifu sanaa. Ndiyo maana ziwa limehama stesheni."

"Huo ni uzushi," alisema mwenyekiti.

"Baiskeli uliiuza siku uliyochaguliwa, bwana. Mnyororo umetoka wapi? Umekuja asubuhi, umeupaka ubao wino, umejaribu karatasi, jina likatoka kinyume. Hukuamini, ukaenda kuchukua kioo. Kuzumi akaingia. Hukuwa na pa kuuficha. Inuka."

"Magoti yangu..."

"Inuka, Mwenyekiti. Nakuomba kwa heshima, na heshima yenyewe inakaribia kuisha."

Nakayama aliinuka taratibu, akishikilia ukuta. Ubao mama ulikuwa juu ya mto, uso juu. Kuzumi akamzunguka, akainua pindo la koti, akavua miwani, akaivaa tena.

Juu ya makalio ya suruali ya rangi ya mchanga palikuwa na ziwa, matete na bata, mstari kwa mstari, kwa weusi mzito. Upande wa chini lilisomeka jina la mkuu wa mtaa, kinyumenyume.

"Uchapaji mzuri," alisema Kuzumi. "Uzito umeenea sawasawa."

"Nilitaka kiti cha baraza la mtaa," alisema mwenyekiti, na sauti yake ikawa ndogo. "Iinuma aliniahidi. Nilipoona nimeuharibu ubao wa marehemu, nikashindwa kukutazama usoni, Mzee Tome."

"Mimi ulinitazama vizuri tu. Ulisema umepasuka kwa baridi."

Tomekichi aliupeleka ubao dirishani. Alipitisha kidole juu ya mistari, tete kwa tete. Yote ilikuwa mizima. Bata alikuwa mzima. Alichukua patasi, akalifuta jina la Iinuma mpaka kona ikawa wazi kama Kinue alivyoiacha.

"Tunaweza kupachika kipande kipya," alisema mwenyekiti. "Nichonge upya, safari hii..."

"Wewe utasugua karatasi. Zote mia na ishirini."

Saa nane kamili Bwana Iinuma aliingia na tai mpya. Nakayama alikuwa mezani anatoka jasho, kitambaa cha meza kimefungwa kiunoni, anasugua karatasi ya themanini na tatu. Mkuu wa mtaa aliinua chapa iliyokauka, akaikagua pembe hadi pembe, akaigeuza hata nyuma.

"Niliambiwa jina langu lingekuwepo," alisema.

Mwenyekiti alikohoa. Kuzumi alitazama dari. Tomekichi aliendelea kupaka wino juu ya matete.

"Lipo, mheshimiwa," alisema Mama Orie, akimsogezea chai. "Mwenyekiti amelikalia."