Penisilini Kwenye Skrini

Walikutana mapokezi ya hospitali, asubuhi ya msongamano. Nesi, gauni lake jeupe limepigwa pasi likanyooka, alikuwa ameikunjia uso skrini.

"Mzio::DawaZaSalfa. Hiki Kiswahili cha wapi?"

"Cha mashine," alijibu kijana mrefu mwenye shati la bluu, fundi wa programu. "Ni jina la klasi, yaani kundi la taarifa ndani ya programu. Nitaandika mistari michache ya Perl, lugha ya kompyuta, iyatenganishe maneno, usome kibinadamu."

"Nikisoma vizuri, nakununulia soda."

Soda ikazaa simu, simu zikazaa mapenzi.

Jumapili aliyotakiwa kujitambulisha kwa mama yake Nesi, Fundi hakutokea. Alikuwa amemaliza kuiweka programu hospitalini, usingizi ukambwaga juu ya kibodi. Nesi akanuna.

Kesho yake, akiipitia kazi yake, Fundi aliona kosa. Programu ilikuwa inafyeka kila kilichotangulia zile nukta. Mzio::Penisilini ilibaki Penisilini tu. Dawa ya kumuua mgonjwa ilisomeka kama dawa aliyoandikiwa.

Akampigia Nesi. Simu ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Mapokezi hawakupokea. Akatoka mbio, akipigana vikumbo na watu barabarani.

Wodini, Nesi alikuwa amemwinamia bibi mmoja, sindano mkononi.

"Usimchome!"

"Nani kakwambia unifuate kazini?"

"Mpenzi, skrini inadanganya! Hiyo ndiyo inayomdhuru!"

Nesi akamgeukia mgonjwa. "Bibi, penisilini uliwahi kuchomwa?"

"Ile iliyonivimbisha koo? Niliponea chupuchupu, mjukuu wangu."

Sindano ikaanguka kwenye trei. Wakapita kitanda hadi kitanda, wakizima skrini na kuwauliza wagonjwa mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa amechomwa dawa ya kumdhuru. Ndipo Fundi akaketi kurekebisha, vidole vikikosea herufi, mpaka skrini ikasema: Ana mzio wa penisilini.

Alimkuta Nesi kwenye korido, ameegemea ukuta, analia bila sauti.

"Ningemuua. Na simu zako nilizikata makusudi."

"Kosa ni langu, mpenzi. Nakwenda kumwambia daktari mkuu. Huenda nikafukuzwa, hata kushtakiwa."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

Nesi akafuta macho kwa kiganja, akamshika mkono.

"Basi tuingie wote," alisema, akagonga mlango wa daktari mkuu.